Friji Yenye Komeo

"Baba yako ana yoti," mama wa ofisi ya ufadhili alimwambia binti, na hakuwa anauliza.

Binti alicheka. Alidhani ni utani wa kuchangamsha foleni, maana watu nyuma yake walikuwa wamesimama tangu asubuhi na wengine walishaanza kujipepea kwa bahasha zao. Akageuka kumtazama baba yake, aliyesimama pembeni na shati lake la kazini, lile ambalo mkewe alishaligeuza kola ili upande uliochakaa ujifiche. Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia feni.

"Boti ya starehe, ya injini, vyumba viwili vya kulala, mmiliki mmoja," yule mama aliendelea kusoma kwenye kompyuta, taratibu, kwa sauti iliyoitosha foleni nzima. "Jina lake, kitambulisho chake. Mwanangu, ufadhili huu ni wa watoto wa wasio nacho. Wenye yoti husomesha wenyewe."

Mtu mmoja kwenye foleni akapiga mluzi mdogo. Mwingine akasema, "Mzee, Jumapili tupitie basi, hata tunuse bahari." Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliochoka ambacho hakina ubaya wala huruma.

"Si yangu," alisema baba, ambaye kazini aliitwa Tarishi. "Ni jina tu."

"Basi kalitoe jina." Yule mama alishamaliza naye, mkono ukiita anayefuata. "Nafasi yake naishikilia mpaka chuo kifungue. Uniletee karatasi ya usajili yenye jina la mtu mwingine, au isiwe na jina kabisa. Chuo kikifungua hujaja, nampa mwingine. Upimaji ardhi una watu wengi wanaoulilia."

Wakatoka. Binti alitembea mbele, mkoba kifuani, mpaka walipofika kona ya duka la magodoro. Hapo akasimama.

"Baba, tuna yoti?"

"Hatuna."

"Mbona mashine inasema tunayo?"

Ikabidi amweleze hapo hapo, watu wakiwapita. Kwamba ni ile boti nyeupe ya Mzee Kaptula, yule mgeni mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumwona amevaa suruali ndefu. Kwamba sheria haimruhusu mgeni kuandikisha chombo peke yake, lazima awepo mwenyeji. Kwamba Wakala, bosi wake, anayeshughulikia karatasi za meli za watu, alikuwa ameahidi kazi hiyo imalizwe siku ile, akatafuta mwenyeji, na mwenyeji wa karibu kuliko wote alikuwa jikoni anachemsha chai ya ofisi.

"Akaniambia ni karatasi tu," Tarishi alisema. "Nikasaini, nikarudi kumimina chai."

"Na hukumwambia mama."

"Nilikuja na friji. Nikamwambia nimepewa."

Neno hilo la mwisho lilimtoka baba jembamba kidogo, lakini binti alikuwa anawaza chuo, hakulisikia.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili katika ua wa wapangaji, na kwenye chumba cha mbele, mahali ambapo wengine huweka televisheni, ilisimama friji. Haikuwa kubwa. Ilimfika mtu kiunoni. Lakini ilikuwa na kitu ambacho friji nyingine za mtaa hazikuwa nacho: komeo la chuma mlangoni, la kuuzuia usifunguke mawimbi yakipiga. Kila ilipofungwa ililia *tak*, na ua mzima ulijua mke wa Tarishi, Mama Barafu, ametoa au ameingiza. Aliuza barafu, maji baridi na juisi za mifukoni, na kwa friji hiyo alikuwa ameacha kufua nguo za watu. Vidole vyake vilikuwa vimerudi kuwa vidole.

Aliyeiunganisha alikuwa kaka yake. Huyu alikuwa fundi wa injini za boti, na ndiye aliyekuwa akiihudumia yoti ya Mzee Kaptula mpaka figo zilipomtoa kazini. Sasa aliishi chumba cha nyuma na mpwa wake, wamegawanywa na pazia, na mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu. Hakulipa. Alikuwa na kadi ya msamaha, ile wanayopewa wasio na mali wala mtu wa kuwalipia, na kadi hiyo aliifunga kwenye nailoni kama watu wanavyofunga picha ya marehemu. Ile siku friji ilipoletwa, ndiye aliyegundua kwamba umeme wa boti si umeme wa nyumbani, akatafuta kifaa cha kuugeuza, akakifunga nyuma kwa waya na mkanda mweusi. Alipomaliza akamuuliza Tarishi, huku akifuta mikono, "Alikupa, shemeji?"

"Alinipa."

"Sawa," akasema, na hakuuliza tena.

Mzee Kaptula hakuitoa ile friji. Alichosema siku anaondoka kwenda kwao kutibiwa moyo ni, "Angalia hii boti kama yako, rafiki." Tarishi alikaa na maneno hayo miezi michache, akayageuza hivi na vile, mpaka siku moja, anakwenda kufungua madirisha ya boti ipate hewa, alipoona kwamba kitu kama chako ni kama chako. Skrubu zilikuwa nne tu.

*

Wakala alimsikiliza akiwa anakula karanga, na hakuona tatizo liko wapi.

"Kufuta usajili ni jambo dogo. Unampigia mzee wetu. Yeye analeta barua ya kwao kwamba boti inapokelewa kule. Mkaguzi anaingia ndani, anapiga picha, anaona kila kitu kiko mahali pake. Ofisi inafunga jalada, namba iliyochongwa kwenye boriti ya ndani inakwanguliwa, kwisha. Jina lako huru kama la mtoto mchanga."

"Kila kitu kama kipi, bosi?"

"Kila kilichofungwa kwa skrubu. Injini, nanga, jiko, friji. Picha zinakwenda kwa mzee, aridhie." Akatupa karanga mdomoni. "Namba yake ya simu unayo?"

"Ninayo."

"Sasa unanitazamia nini? Mpigie. Mimi nilimpigia mwaka juzi ya kodi ya gati, akapokea mara moja. Muungwana yule."

Tarishi akatoka na simu mpaka nyuma ya jengo, kwenye mapipa. Akalitafuta jina. Akaliona. Akasimama nalo pale huku nzi wakimzunguka, akijaribu kusikia namna mazungumzo yatakavyokwenda. Habari mzee, moyo unaendeleaje, nataka kufuta boti. Vizuri rafiki, nitumie picha. Akaona pengo jeusi jikoni kwenye boti, skrubu nne kwenye kisosi alipoziacha, na uso wa yule mzee ukiwa hauna hasira. Hilo la kukosa hasira ndilo lililomshinda. Akairudisha simu mfukoni.

Nyumbani walimngoja wote watatu.

"Umempata?" mke wake aliuliza.

"Haipatikani."

"Jaribu kesho."

"Nimejaribu sana. Haipatikani kabisa. Labda amekufa."

Akashangaa ulimi wake ulivyofika mbali hivyo kwa safari fupi. Mama Barafu akashika shavu. "Maskini, mzee wa watu. Na friji yake tunakula nayo mpaka leo."

Siku iliyofuata, mke akiwa amekwenda kununua mifuko, Tarishi aliichomoa friji ukutani. Alikuwa ameazima mkokoteni wa muuza maji. Airudishe, afunge skrubu, kisha apige simu kama mtu mwenye haki yake. Na mke ataambiwa jambo, jambo lolote, litapatikana. Alikuwa ameshaifikisha mlangoni, maji ya barafu yanamchuruzikia miguuni, aliposikia kikohozi. Jirani wa mlango wa pili, ambaye ua mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikuwa amekaa kwenye ndoo akichambua mboga.

"Inahama?"

"Nasafisha nyuma yake."

"Unasafisha na mkokoteni?"

"Mkokoteni si wangu."

"Hata mimi najua si wako." Redio akakata jani, akalitazama. "Maana nikasema, au wenyewe wameidai? Watu walishasema, unajua. Mimi nikawaambia nyamazeni, baba yule ni mtu wa ofisini, wazungumzie wengine."

Tarishi akairudisha ndani. *Tak*, komeo likalia lenyewe.

*

Wazo lilitoka kwa shemeji, na lilitoka kama utani. Walikuwa wanakula, chuo kimekaribia kufunguliwa, binti anachokonoa sahani bila kupeleka kitu mdomoni.

"Ikishindikana niandikeni mimi," fundi alisema. "Mimi sina mtoto wa kusomesha. Na injini ile nimeizaa mimi, yule wa kaptula alikuwa anaijua kwa rangi tu."

Mama Barafu akacheka. "Kaka, wewe na yoti."

"Kwani nina ubaya gani? Nitavaa miwani ya jua, nikae mbele, nishikilie usukani. Tena nawe nitakupandisha, ila uje na barafu yako."

Wakacheka wote isipokuwa Tarishi, ambaye aliuacha mkono wake juu ya sahani. Kesho yake alimuuliza Wakala, na Wakala akasema ndiyo, kuhamisha jina kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mwenyeji mwingine hakuhitaji barua ya nje, wala mkaguzi, wala picha. Ni wawili kufika na vitambulisho. "Huyo wa pili ni nani?" aliuliza. Alipoambiwa akaguna. "Mwambie ni karatasi tu," akasema.

Ofisi ya usajili wa vyombo ilikuwa ghorofani na lifti ilikuwa imekufa. Fundi alipanda ngazi kwa kupumzika kila zilipokata kona, mkono mmoja kwenye ukuta. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu kufunika ule mkono wa sindano, uliovimba mishipa kama kamba zilizofungwa chini ya ngozi. Na tai aliyovaa ilikuwa ya marehemu kaka yake.

Karani alikuwa msichana mpole mwenye kucha fupi. Alisoma, akauliza, akaandika. Alipofika sehemu ya mwisho akainua macho.

"Mmiliki mpya, kuna msaada wowote wa bure unaoupata? Ruzuku, kadi ya msamaha ya hospitali, chochote? Siku hizi mashine zetu zinazungumza na za wenzetu. Mali ikiingia huku, huko inaonekana. Nauliza ili mtu asije akalia baadaye."

"Hana," Tarishi alisema.

Hakuna aliyemuuliza yeye. Karani akawatazama wote wawili. Fundi alikuwa amemgeuzia Tarishi uso wake uliojaa, kichwa kikiinama kidogo upande, vile alivyokuwa akisikiliza injini yenye pistoni moja isiyofanya kazi. Hakuchukua muda. Kisha akamrudia karani.

"Kalamu, mwanangu," akasema. "Nimengoja meli tangu ujana, usinicheleweshe."

Walipokuwa wanashuka, Tarishi alimshika kiwiko kwenye kila kona, akimwambia aangalie hapa, aangalie pale, ngazi hii imekatika. Alimnunulia soda. Fundi akaikataa kwa sababu hakuruhusiwa maji mengi, na Tarishi akabaki ameishika, akainywa mwenyewe ikiwa moto.

*

Binti alipata ufadhili. Siku ya kuondoka ua ulifurika. Mama Barafu aligawa juisi bure, watoto wakagombania mifuko, Redio akaitangaza habari kuliko wenye habari. Binti aliagana na kila mtu, na mjomba wake akampa rula yake ya chuma, ile aliyokuwa akipimia nafasi za mashine. "Wewe pima ardhi, usipime watu," akamwambia. Tarishi alibeba sanduku mpaka kituoni, na watu walimpa mkono njia nzima. Kila mkono aliupokea haraka kama mtu anayeshikishwa kitu cha moto.

Usiku wake, na siku zilizofuata, alianza tabia ambayo mkewe aliiona ni mapenzi. Alimletea shemeji yake mto. Alimletea gazeti. Aliamka mapema kumtengea maji ya kuoga. "Mume wangu amebadilika," Mama Barafu alimwambia Redio. "Anavyomtunza kaka yangu, utasema wamezaliwa tumbo moja."

"Mwanaume akianza wema bila kuombwa," Redio alisema, "angalia mifuko yake." Lakini alisema akicheka, akaondoka na kipande chake cha barafu.

*

Dirisha la hospitali lilikuwa na tundu la chini, na ili uongee na mhasibu ilikupasa uiname. Mama Barafu aliinama. Kaka yake alikuwa kwenye benchi, na nailoni ya kadi ilikuwa mikononi mwake yeye.

"Hii haifanyi kazi," mhasibu alisema.

"Ya wiki iliyopita ilifanya."

"Wiki iliyopita mashine haikujua." Akasogeza kioo chake. "Mgonjwa ana yoti."

Mama Barafu alinyanyuka, akasahau tundu, akaongea na kioo. "Ile si yake. Ni jina tu."

"Mama, hapa hatutibu jina, tunatibu mwenye jina. Alisaini mwenyewe kwamba hana kadi ya msamaha. Imeandikwa, aliulizwa ikajibiwa hana. Sasa kama hana, hii mnayoniletea ni ya nani?" Hakuwa mkali; alikuwa anaeleza. "Nenda ustawi wa jamii, fungueni maombi upya. Leo alipe kama wengine."

Nyuma yake mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya, "Wenye yoti nao wanakuja kubanana na sisi huku." Na Mama Barafu, aliyekuwa na jibu la kila mtu sokoni, akapisha dirisha. Akaenda kwenye benchi. Alitoa kitambaa chake cha kiunoni, akahesabu fedha za barafu mara mbili, na mara zote mbili hazikufika hata robo.

"Twende," kaka yake alisema. "Nitakuja ile zamu nyingine."

"Uliwaambia huna kadi?"

"Twende, dada. Hewa ya humu nzito."

"Nakuuliza. Uliwaambia?"

Fundi alikuwa anafunga vifungo vya mikono ya shati, na vilikuwa vinamshinda kwa sababu vidole vimevimba. "Niliulizwa," akasema. "Nikajibiwa."

Mama Barafu alifikiri njia nzima juu ya neno hilo.

*

Tarishi aliporudi kazini alikuta mke wake amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, simu yake mapajani. Shemeji alikuwa amelala nyuma ya pazia, na pumzi yake ilisikika mpaka mbele, ina maji ndani yake.

"Karani aliuliza swali la kadi," Mama Barafu alisema. "Nani alijibu?"

Tarishi akatazama pazia.

"Usimtazame yeye. Yeye hajasema. Ningekuwa na ndugu msema hovyo ningekuwa na furaha leo."

"Nilijibu mimi."

"Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hakujua. Alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa limelala mdomoni kwa wiki nyingi. "Alieleza," akasema. "Karani alieleza vizuri."

Mama Barafu aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei na kukuta ndiyo ile aliyoiogopa. "Ulimchagua mtoto. Mimi ni mama yake, hilo naweza kulielewa hata kama nitakuchukia nalo. Lakini huyu mzee wa kaptula, ulisema amekufa."

"Nilisema labda."

"Nipe namba."

"Haipatikani, nimekwambia."

"Nipe namba, baba."

Akampa. Hakuwa na pa kukimbilia. Chumba kilikuwa kidogo na friji ilikuwa imekaa karibu na mlango. Mama Barafu alibonyeza, akaweka sauti ya nje, akaiweka simu juu ya friji. Ikaita. Ikaita mara ya pili. Wote wawili waliisikia ikiita, na katika kila mlio Mama Barafu alimtazama mumewe bila kupepesa.

"Halo? Nani hapo?" Sauti ilikuwa ya mzee, Kiswahili chake kile cha kujifunzia gatini.

Mama Barafu alijitambulisha. Alimuuliza hali. Kisha akamwambia yote, kwa mpangilio, bila kulia: ufadhili, chuo, kaka, kadi.

"Fundi wangu?" Mzee Kaptula alisema. "Fundi wangu hawapi dawa sababu ya boti yangu? Mama, mimi nangoja hii simu mwaka mzima. Daktari amesema bahari basi. Jirani yangu huku anataka kuchukua boti, barua iko tayari mezani. Mimi naona aibu kupiga. Nasema, yule bwana amebeba boti yangu kwa jina lake bure, sasa nimsumbue tena? Futa, mama. Leo hii nampigia Wakala. Mkaguzi aje, apige picha, basi."

"Asante, mzee. Mungu akupe afya." Mama Barafu alijifuta uso kwa kiganja. "Na asante kwa friji. Sikuwahi kukushukuru. Imenitoa mbali."

"Friji," ile sauti ilisema.

"Ile ya kwenye boti. Uliyompa baba."

Pengo lililofuata halikuwa refu. Lingeweza kuwa ni mtandao. Tarishi alikuwa ameinamia sakafu, na kwenye sakafu kulikuwa na alama nne za miguu ya friji, mahali ilipokokotwa siku ile ya mkokoteni na kurudishwa si sawasawa.

"Ah," Mzee Kaptula alisema. "Ndiyo. Friji. Sawa, mama. Tumia vizuri."

Simu ikakatika. Mama Barafu aliendelea kuitazama mpaka kioo kikazima. Yeye alikuwa mwuzaji, na mwuzaji anajua sauti ya mtu anayelipia deni la mwenzake mbele za watu.

Hakumwuliza mumewe. Akafungua komeo, akaanza kutoa mifuko ya juisi, mmoja mmoja, akiipanga kwenye beseni.

"Amesema tuitumie," Tarishi alisema.

"Nimemsikia alichosema."

"Utarudi kufua."

"Nitarudi kufua." Akachomoa waya. Ile ngurumo ndogo, ambayo walishaizoea mpaka hawakuisikia tena, ikakoma, na pumzi ya nyuma ya pazia ikasikika zaidi. "Kamwite muuza maji na mkokoteni wake."

Walitoka nayo kesho yake, jua linawaka, saa ambayo ua umejaa. Watoto walikuja na sarafu zao na kusimama. Redio akanyanyuka kwenye ndoo yake.

"Mama Barafu, imeharibika?"

"Haijaharibika," Mama Barafu alisema, na akasema kwa sauti ya sokoni, ile inayovuka kuta. "Haikuwa yetu."

Redio alifungua mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ahamie ua ule, akaufunga, akaja akashika upande mmoja wa friji kuwasaidia kuipandisha. Tarishi alisukuma mkokoteni. Mtaa wote waliompa mkono siku ya binti walikuwa mlangoni, na hakuna aliyenyoosha mkono.

*

Fundi alikataa kubaki nyumbani. Alisema hakuna mtu mwingine atakayegusa waya za boti ile. Walimpeleka gatini kwa teksi, na mwenye teksi hakubishania bei alipoona miguu yake imejaa mpaka viatu havikuingia, ametia ndala za shemeji yake. Mkaguzi alikuwa amesema atakuja kesho. Ustawi wa jamii walisema jalada likishafungwa walete karatasi, ndipo watakapofikiria kadi upya. Neno walilotumia lilikuwa hilo, kufikiria. Mpaka wakati huo angesafishwa mara moja kwa wiki badala ya mbili, kwa fedha ambayo Tarishi aliiomba kwa Wakala kama mkopo wa mshahara, amesimama mbele ya meza, Wakala akila karanga zake.

Ndani ya yoti kulikuwa na joto na harufu ya sponji zilizofungiwa. Jikoni palikuwa na lile pengo, jeusi, na kwenye kisosi skrubu nne. Tarishi na muuza maji wakaitelezesha friji mpaka ikaingia. Muuza maji akatoka kulinda mkokoteni wake. Fundi akajishusha sakafuni kwa vituo, goti moja, kisha jingine, akahema, akalala ubavu, akauingiza mkono nyuma kutafuta waya. Tarishi akapiga magoti na kumshikia tochi. Juu yao, kwenye boriti, ilikuwepo namba iliyochongwa, ambayo siku ya kwanza Tarishi aliipitisha kidole akajiona mtu.

Fundi akaanza kukaza skrubu.

"Shemeji," Tarishi alisema. "Siku ile kwa karani."

"Nipe ile ndefu."

Akampa skrubu ndefu.

"Ungeniuliza," fundi alisema, uso wake ukiwa ndani ya lile giza, "ningesema vile vile. Mtoto yule nimemfundisha kutembea mimi. Ningesema hana, andika hana, tena kwa mdomo wangu mwenyewe." Bisibisi ikazunguka, ikashika. "Lakini ungeniuliza."

Tarishi alikuwa na maneno mengi tangu siku ile ya ngazi, alikuwa akiyapanga kila alfajiri huku anamchotea shemeji yake maji ya kuoga, na yote yalikuwa yanamhusu yeye mwenyewe. Skrubu ya mwisho iliingia. Fundi akaupitisha mkono wake uliovimba mbele, akausukuma mlango, na komeo likalia *tak* ndani ya ile boti tupu.

Alikaa vile alivyo, ameegemea friji, akivuta hewa. Kisha akaurudisha mkono nyuma.

"Bado kuna waya mmoja," akasema. "Shika taa vizuri, shemeji. Anayetetemeka ni wewe."